Mradi uliotibu watoto na kuidhoofisha zahanati: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki nilikishuhudia nikiwa afisa wa ufuatiliaji na tathmini wa shirika lisilo la kiserikali lililotibu utapiamlo mkali wa watoto vijijini. Nimeondoa jina la shirika, la mfadhili, mahali, miaka na takwimu zetu za ndani, maana vyote hivyo vingewatambulisha watu. Makosa nimeyaacha kama yalivyokuwa. Mengi ni yetu sote, na mawili ni yangu mwenyewe. Naandika kwa ajili ya wanaotunga maandiko ya miradi na wanaoyasimamia, na pia kwa watumishi wa zahanati ambao siku moja gari la mradi litaegeshwa mlangoni kwao.

Mazingira

Zahanati ilikuwa moja, ikihudumia vijiji vinne. Wenye taaluma walikuwa watatu: tabibu mmoja na wauguzi wakunga wawili. Ni wachache, lakini walikuwa wamejipanga. Tabibu aliona wagonjwa, muuguzi mmoja alishika kliniki ya mama na mtoto, na mwingine alikaa zamu ya usiku kwa ajili ya wajawazito. Ratiba ya namna hiyo haivumilii pengo. Akiondoka mmoja, kinachopotea si theluthi moja ya kazi, kwa sababu aliyekesha chumba cha kujifungulia hawezi kuwa ndiye anayechanja watoto asubuhi.

Siku ya chanjo ilikuwa Jumatano. Zahanati ilikuwa na jokofu la chanjo linalofanya kazi, na daftari lililoandikwa kwa uangalifu. Hilo nililijua baadaye sana, nilipolisoma ukurasa kwa ukurasa.

Tatizo lililotuleta lilikuwa la kweli. Watoto wengi wa umri wa miezi 6 hadi 59, wakipimwa mkono kwa utepe, walikuwa chini ya sentimita 11.5, kiwango ambacho mtoto huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali. Zamani watoto wa aina hii walilazwa wodini kwa wiki nyingi, na mama akaacha wengine nyumbani. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kwamba wengi wao, ikiwa wana hamu ya kula na hawana matatizo mengine ya kiafya, wanaweza kutibiwa nyumbani kwa pakiti za chakula dawa, yaani chakula chenye virutubisho vingi kilicho tayari kuliwa, na kufuatiliwa kila wiki. Mradi wetu ulijengwa juu ya utaratibu huo: wahudumu wa afya ya jamii kupima nyumba kwa nyumba, na huduma ya mkoba, yaani timu inayowafuata watu vijijini mwao, kutoa matibabu. Fedha zilikuwa za miaka mitatu.

Yaliyotokea

Tulianza kwa kuajiri. Tangazo letu lilitaka mtu mwenye leseni, mwenye uzoefu wa watoto, anayeijua lugha na njia za eneo. Mtu wa sifa hizo alipatikana mahali pamoja tu, nasi tulilijua hilo tulipokuwa tukiliandika. Waliomba kazi wawili kutoka zahanati ile ile: tabibu, na yule muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Mshahara wetu ulikuwa mara kadhaa ya ule wa serikali. Siwalaumu. Walikuwa na watoto wa kusomesha na wazazi wa kutunza, na kazi tuliyowapa ilikuwa ile ile waliyoipenda, tena safari hii dawa zilikuwepo.

Tabibu alipewa likizo bila malipo. Muuguzi aliacha kazi kabisa. Ofisi ya afya ya wilaya ilisaini barua zote mbili ikiamini kwamba huduma zinaongezeka. Ila nafasi ya tabibu, kwa kuwa alikuwa likizo, kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi, iliendelea kusomeka kuwa ina mtu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kupangwa mahali pake. Nafasi ya muuguzi ilikuwa wazi, lakini kuijaza kulihitaji kibali cha ajira, na kibali kilichukua zaidi ya mwaka.

Huduma ya mkoba ikaanza, Jumanne vijiji viwili na Alhamisi viwili. Mama aliyefika alipata vipimo, pakiti za chakula dawa na sabuni. Hatukutoa chanjo, kwa kuwa haikuwemo kwenye andiko. Tulijiambia kwamba chanjo ni ya zahanati.

Robo ya kwanza na ya pili ripoti zilikuwa nzuri, na ninaposema nzuri sizungumzii kupaka rangi. Viwango vya Sphere, viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu ambavyo mashirika mengi hujipimia, vinataka zaidi ya asilimia 75 ya watoto wapone, wanaoacha matibabu katikati wawe chini ya asilimia 15, na vifo viwe chini ya asilimia 10. Tulivitimiza vyote. Mfadhili alileta wageni, wageni wakapiga picha na watoto waliopona, na kupona kwao kulikuwa kwa kweli.

Mwezi wa tano tulikaa na kamati ya zahanati. Mwenyekiti, mzee mpole asiyependa kuwakwaza wageni, alisubiri hadi mwisho wa kikao.

“Wanangu, sista yuko peke yake sasa,” alisema. “Juzi mama mmoja kajifungulia njiani, mlango ulikuwa umefungwa. Amekwenda wilayani kuchukua chanjo, basi nani afungue? Hili mnalijua?”

Tulimpa pole. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika muhtasari, nikaliweka chini ya kichwa cha “Mengineyo”. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nililisikia kama malalamiko juu ya serikali, ilhali mzee alikuwa akizungumza na sisi.

Kosa la pili lilikuwa limeshafanyika mezani kwangu kabla mradi haujaanza. Fomu ya kumsajili mtoto niliitengeneza mimi. Ilikuwa na safu isemayo: “Kadi ya kliniki imeonekana? Ndiyo/Hapana.” Wahudumu waliijaza kwa uaminifu, na karibu kila mtoto alikuwa “Ndiyo”. Fomu haikuuliza kadi inasema nini. Kwa zaidi ya mwaka watu wetu walishika mkononi kadi za watoto ambao hawakuchanjwa surua, wakaandika kwamba kadi imeonekana, wakazirudisha.

Mwaka wa pili surua ikaingia. Ilianzia kijiji kimoja, baada ya wiki chache ikawa vitatu. Baadhi ya waliougua walikuwa kwenye orodha yetu ya matibabu, na wengine tulikuwa tumewatoa wakiwa wamepona. Surua kwa mtoto mwenye utapiamlo ni hatari maradufu: hummaliza vitamini A, humletea kuhara na nimonia, na humrudisha pale pale tulipomtoa. Watoto wawili walipelekwa hospitali ya wilaya. Mmoja hakurudi nyumbani. Alikuwa amehitimu kwetu miezi michache nyuma, na kwenye ripoti ya robo mwaka alihesabiwa miongoni mwa waliopona.

Tulichokikuta daftarini

Niliomba daftari la chanjo. Muuguzi aliyebaki zahanatini alinipa bila neno, kisha akakaa pembeni yangu saa zote nilizolisoma. Nilitarajia kukuta uzembe. Nilikuta mambo matatu, na la tatu ndilo lililonifungua macho.

La kwanza, Jumatano kadhaa zilikuwa tupu. Ni siku alizokuwa wilayani kuchukua chanjo, au alizokesha na mama anayejifungua hadi asubuhi.

La pili, idadi ya watoto waliofika Jumatano ilianza kushuka mwezi ule ule huduma yetu ya mkoba ilipoanza. Mama anayetembea saa mbili hawezi kuja Jumanne akarudi tena Jumatano. Alichagua siku moja, na akachagua yetu.

La tatu ni kichupa. Chanjo ya surua huja ikiwa unga, kwa kawaida kichupa kimoja kikiwa na dozi 10. Kikishachanganywa na maji yake, kitumike ndani ya saa 6 au hadi mwisho wa kliniki ya siku hiyo, kisha kilichobaki kitupwe. Muuguzi aliyewahi kuulizwa kwa ukali kwa nini amepoteza dozi nane hufikiri mara mbili kabla ya kufungua kichupa kwa watoto wawili. Shirika la Afya Duniani linashauri kifunguliwe hata akiwa mtoto mmoja, kwa sababu dozi zinazotupwa ni hasara ndogo kuliko mtoto anayerudishwa. Lakini ushauri huo ulikuwa kwenye mwongozo, na hesabu ya chanjo zilizopotea ilikuwa kwenye fomu ya kila mwezi yenye saini yake.

“Wakifika wanane nafungua,” aliniambia. “Wakifika wawili nawaambia warudi wiki ijayo, tuwe wengi. Zamani walikuwa wanafika ishirini.”

Mama mmoja nilimuuliza kwa nini mtoto wake hakupata dozi ya miezi 9. Alinijibu kama anayemweleza mtoto jambo lililo wazi: “Nilimleta mara mbili, baba. Nikaambiwa watoto hawajatosha. Mara ya tatu sikuja.”

Huo ndio mnyororo wenyewe. Tuligawa siku za akina mama, watoto wa Jumatano wakapungua, kichupa kikakaa jokofuni, watoto wakarudishwa, mama akakata tamaa. Ili surua isisambae, inatakiwa takriban asilimia 95 ya watu wawe na kinga, na hiyo hutokana na dozi mbili. Kwa ratiba za nchi nyingi ambako ugonjwa bado unazunguka, dozi ya kwanza hutolewa miezi 9 na ya pili kati ya miezi 15 na 18. Hakuna ugonjwa unaoziona nyufa za kliniki haraka kama surua.

Maamuzi na sababu zake

Kikao cha dharura kilikuwa na njia tatu mezani.

Njia ya kwanza ilikuwa kuomba wilaya ifanye kampeni ya chanjo, sisi tutoe mafuta na magari, kisha turudi kwenye kazi yetu. Ilikuwa rahisi na ya haraka. Tuliikubali kama hatua ya wiki ile, pamoja na dozi mbili za vitamini A, siku mbili mfululizo, kwa kila mgonjwa wa surua. Tulikataa kuifanya jibu la kudumu, kwa kuwa kampeni ingefunika pengo na kuliacha pale pale.

Njia ya pili ilikuwa kuongeza chanjo kwenye huduma yetu ya mkoba. Wenzangu wengi waliipenda. Mimi niliipinga, na bado naamini nilikuwa sahihi: tungeichukua huduma ya mwisho iliyobaki pale zahanatini, na mradi ukiisha vijiji vinne vingebaki bila chochote.

Njia ya tatu ilikuwa chungu zaidi. Tuhamishie matibabu ya utapiamlo ndani ya zahanati, yatolewe Jumatano pamoja na chanjo. Tufunge vituo vitatu kati ya vinne vya mkoba, tukibakiza cha kijiji cha mbali kabisa. Na tabibu arudi serikalini, sisi tukimlipa nyongeza hadi mradi uishe, kiasi kikipungua kila nusu mwaka ili asianguke ghafla.

Tulichagua hiyo. Ilituchukua miezi mitano kuitekeleza, na miezi mitatu kati ya hiyo ilitumika kumshawishi mfadhili. Kiashiria kimoja katika mkataba kilikuwa “idadi ya vituo vya huduma ya mkoba vilivyo hai”. Kwa kipimo hicho, kufunga vituo vitatu kulikuwa kushindwa. Ofisa wa mfadhili hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na jedwali lake, nasi wenyewe ndio tuliomwandikia kiashiria kile. Kilichombadilisha ni picha ya kurasa mbili za daftari, moja ya kabla hatujafika na moja ya mwaka mmoja baadaye.

Matokeo

Jumatano zilijaa tena. Muuguzi aliacha kuhesabu watoto kabla ya kufungua kichupa, na wilaya ilimpa barua ya maandishi kwamba hataulizwa kuhusu dozi zilizobaki siku ya kliniki. Karatasi ile moja ilifanya kazi kuliko mafunzo yetu ya siku tatu. Tabibu aliporudi, mlango wa usiku ulianza kufunguliwa tena, ingawa si kila usiku.

Upande wetu namba zilishuka. Watoto waliopimwa walipungua kwa miezi kadhaa, na walioacha matibabu wakaongezeka, hasa kutoka kijiji kimoja ambacho kwenye ramani kilionekana karibu lakini katikati yake na zahanati kuna mto usiovukika nyakati za mvua. Akina mama wa pale walilipia uamuzi wetu. Tuliwarudishia huduma ya mkoba nyakati za mvua peke yake, baada ya kuchelewa msimu mzima.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho ni akina mama kupima mkono wa mtoto wenyewe. Tuliwagawia tepe tukawaonyesha rangi: nyekundu, lete leo, njano, lete kliniki ijayo. Watoto walianza kufika mapema zaidi. Kazi hii haikumtoa mtu yeyote mahali pake, haikuhitaji posho, na mradi ulipoisha tepe zilibaki zimetundikwa majumbani. Ningekuwa na fedha robo tu ya zile, ningeanza hapo.

Posho zenyewe zilileta madhara tusiyoyatafuta. Tulipowalipa wahudumu wa afya ya jamii kila mwezi, kamati ya maji na ya usafi wa kijiji, ambazo zilikuwa zikijitolea, zilianza kuuliza kwa nini wao hawalipwi. Swali hilo ni la haki. Mimi sioni kosa katika kumlipa mtu kwa kazi yake. Kosa lilikuwa kupanga kiwango peke yetu, ofisini, bila kuuliza wilaya inalipa nani, kiasi gani, na itaweza kuendelea nacho au la. Kamati ya usafi ilikufa mwaka ule, na haikufufuka.

Kuhusu kuajiri, hatukuwa na udhuru wa kutojua. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliweka huduma ya afya ya msingi kuwa kitu kimoja kinachofanya kazi kwa pamoja. Mwaka 2008 kundi la mashirika ya afya lilitoa kanuni za maadili kwa mashirika yasiyo ya kiserikali zinazohusu kuimarisha mifumo ya afya, na jambo la kwanza zinalogusa ni ajira: usiwavute watumishi wa umma mpaka huduma ikazimia, na usilipe mishahara inayoharibu mpangilio wa malipo ya eneo. Hatukuzijadili hata mara moja. Kwenye andiko la mradi kulikuwa na kipengele cha “vihatarishi”, tukaorodhesha mvua, barabara mbovu na kupanda kwa bei. Kuondoka kwa watumishi wa zahanati hakukuwemo, kwa kuwa hatukujiona sisi wenyewe kama kihatarishi.

Hapo ndipo naona kiini cha kisa hiki. Tulipima kwa makini kila tulichokileta, na hatukupima hata kitu kimoja katika tulichokiondoa. Viashiria vyote kumi na kadhaa vilihusu watoto wetu, vituo vyetu, pakiti zetu. Hakuna hata kimoja kilichouliza kama zahanati ilikuwa wazi usiku, au kama Jumatano ilifanyika. Taarifa hizo zilikuwa ndani ya daftari, hatua chache kutoka pale tulipoegesha gari kila wiki, na kuzisoma hakukuhitaji hata shilingi ya bajeti. Mwenyekiti wa kamati alikuwa nazo kichwani tangu mwezi wa tano.

Katika kazi yangu ya sasa ninadai viashiria viwili ambavyo si vya mradi: siku ambazo kituo cha umma kilicho jirani kilifanya kazi yake ya kawaida, na idadi ya watumishi wake mwanzoni na mwishoni mwa kila robo mwaka. Vikishuka baada ya sisi kufika, kazi husimama tuelezane. Wafadhili wawili wamekataa, mmoja akisema kwamba hawezi kuwajibika kwa jambo lisilo lake. Nilimwelewa, ila sikusaini.

Liko jambo moja ambalo marekebisho yetu hayakuligusa. Tabibu alikuwa likizo, akarudi. Muuguzi aliyekuja kwetu alikuwa ameacha kazi, na kibali kilipopatikana nafasi yake ilijazwa na kijana mgeni. Mradi ulipofungwa mkataba wa muuguzi wetu ukaisha siku hiyo hiyo. Aliomba kurudi serikalini akaambiwa asubiri tangazo. Mara ya mwisho nilipopita alikuwa akiuza katika duka la dawa njiapanda, na akina mama bado walikuwa wakimpelekea kadi za watoto wao awasomee.